Mpaka Kati ya G na H

Kampala ya miaka ya mwanzo ya 2000 ilikuwa na mwalimu ambaye nadhani alifundisha watu wengi kuliko mhadhiri yeyote wa Makerere, na hakuwahi kuzaliwa. Aliitwa Mavis Beacon. Ukipanda ngazi za jengo lolote la Wandegeya au Luwum Street penye kibao cha kozi za kompyuta, ungekuta ratiba imebandikwa mlangoni: Windows, Word, Excel, Mavis. Watu hawakusema wanajifunza kuchapa. Walisema wanafanya Mavis.

Programu ile ilitolewa Marekani mwaka 1987 na kampuni ya The Software Toolworks. Jina lilibuniwa, na mwanamke mweusi mwenye tabasamu aliyekuwa kwenye kasha alikuwa Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti, ambaye kazi yake ilikuwa kupigwa picha ya jalada tu. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule, katika chumba tulichobanana wasichana wa uhazili, Mavis alikuwa dada mkubwa aliyefaulu. Mmoja wetu aliapa kwamba shangazi yake aliwahi kufundishwa naye chuoni Nakawa. Hatukumbishia, maana alivaa hasa kama walimu wa Nakawa walivyovaa.

Mimi nilikuwa nimetoka Bukoba, nikavuka mpaka wa Mutukula, na Kampala ikanipokea kwa kazi ya kuchapa tasnifu za wanafunzi wa Makerere kwa malipo ya kila ukurasa. Kiingereza kutwa nzima. Siku moja mteja akaniletea mahubiri ya Kiswahili ya mchungaji mmoja Mkongo, mrundo wa karatasi, na kabla ya adhuhuri kidole changu kidogo cha kushoto kilikuwa kinauma. Nilidhani nimekitegua nikifua. Kumbe ni A. Kiswahili kimejaa A, na kwenye kibodi yetu herufi hiyo imepewa kidole dhaifu kuliko vyote. Kiingereza hupenda E zaidi, na E hubonyezwa na kidole cha kati, chenye nguvu zake. Mpangilio wenyewe ulitoka kwa Christopher Latham Sholes, ukaanza kuuzwa na Remington mwaka 1874 kwa watu walioandika Kiingereza. Anayechapa lugha hiyo anaweza kumaliza miaka yake ofisini asijue kwamba kidole kidogo nacho huchoka.

Maumivu yale ndiyo yaliyonifanya, miaka michache baadaye, niitazame michezo ya watoto ya kuchapa kwa jicho ambalo huenda walioitengeneza hawakuwa nalo.

Mwaka 2008 shule moja ya msingi upande wa Makindye ilipata kompyuta zilizotumika kutoka Uingereza, na ikatafuta mtu wa kukaa na watoto Jumamosi asubuhi. Mmoja wa walimu alikuwa mteja wangu, akanitaja. Mashine zilikuwa zile za skrini nene zenye mgongo kama jiko la mkaa. Fundi aliyezifunga aliweka Edubuntu, ile Ubuntu iliyotengenezwa kwa ajili ya shule tangu 2005. Kompyuta moja yenye nguvu kiasi ilizihudumia nyingine, ambazo hata diski hazikuwa nazo. Siku hizo sidii za Ubuntu ziliagizwa bure kwa posta, na ulimwengu mzima uliendelea kuzipokea hivyo mpaka 2011. Umeme wa Kampala ulikuwa bado wa kubahatisha. Bwawa la Bujagali halikuanza kuzalisha mpaka 2012, kwa hiyo hakuna Jumamosi tuliyoipangia bila kuwa na kitu cha kufanya gizani.

Ndani ya mashine zile mlikuwa na GCompris, mkusanyiko wa michezo ya watoto alioanzisha Mfaransa Bruno Coudoin mwaka 2000. Humo herufi hushuka kutoka juu ya skrini na mtoto huziwahi kwa kubonyeza kitufe chake. Baadaye kijana mmoja alituletea Tux Typing kwenye flashi. Mchezo huo nao ni wa bure, na ndani yake kuna pengwini anayekimbia huku na huko akidaka samaki wanaoanguka. Kila samaki ana herufi au neno, na usipolichapa kabla hajafika chini, pengwini anabaki na njaa.

Watoto wa Makindye hawakuwa wamewahi kuona pengwini. Walimtazama kidogo wakampa jina: Kaloli. Aliyefika Kampala ataelewa mara moja. Kaloli ni yule korongo mkubwa anayesimama juu ya majalala na mapaa ya jiji, mgongo mweusi, tumbo jeupe, amejikunyata kama mzee anayesubiri pensheni. Anakula chochote. Tangu hapo kucheza Tux Typing kukaitwa kumlisha Kaloli, na naamini hakuna jina la kiwandani ambalo lingewafanya wawahi Jumamosi saa mbili kuliko hilo.

Watoto walikuwa zaidi ya mara mbili ya mashine. Shule ilitarajia kuongezewa nyingine, lakini bajeti ya serikali ya 2009/10 ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, pamoja na majokofu na televisheni, kwa hofu ya nchi kugeuzwa jaa la taka za elektroniki. Hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Kwetu marufuku hiyo ilimaanisha kwamba kibodi ikifa, imekufa, na watoto watasogeleana zaidi.

Basi wakagawana. Sikuwapangia mimi. Niliinua kichwa nikakuta kila kibodi ina watoto wawili, mmoja kashika upande wa kushoto na mwingine wa kulia, na mpaka umepita kati ya T na Y, ukashuka kati ya G na H, ukaishia kati ya B na N. Ni mpaka uleule anaoufundisha Mavis kati ya mikono miwili ya mtu mmoja. Waliufikia kwa kupima kwa macho, nusu kwa nusu, kama wanavyogawana dawati. Kitufe cha nafasi hakikuwa cha mtu, na kwa kuwa Kaloli hula neno mojamoja, kilikaa bila mwenyewe miezi mingi.

Michezo hii yote inadhani kwamba mbele ya kibodi kuna mtoto mmoja. Ndivyo ulivyofikiri pia mradi mkubwa wa wakati ule wa kompyuta moja kwa kila mtoto, ambao Rwanda iliupokea kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Nilipopita Kigali nikaishika kompyuta ile ya kijani na nyeupe. Kibodi yake ya mpira ilikuwa ndogo, imekatwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto, na palikuwa na mchezo wa kobe unaofundisha kuchapa hatua kwa hatua. Niliionea wivu kwa ajili ya ile kibodi. Kibodi zetu zilikuwa za makarani wa Uingereza. Mtoto wa miaka sita akiweka kidole kidogo kwenye A, kidole cha shahada hakifiki F bila kunyanyua kiganja kizima. Kumwambia aweke vidole vinane kwenye mstari wa katikati ilikuwa ni kumvalisha viatu vya baba yake kisha kumlaumu kwa kuburuta miguu.

Ila niliporudi Makindye nilianza kuona kitu ambacho kibodi ya mtoto mmoja isingenionyesha.

Watoto wawili wanapochapa neno moja, hawawezi kulichapa kimya. Wa kushoto lazima ajue lini zamu yake inafika, na wa kulia vilevile. Kwa hiyo wakaanza kulitamka neno kwa sauti, vipande vipande, huku wakipigiana kelele: "Yangu! Yako! Yako tena!" Chumba kilikuwa na makelele ya soko la Nakasero. Mwalimu wa zamu alikuja mara kwa mara kuuliza kama kuna mtu anafundisha humu. Alikuwa akisikia watoto wa darasa la pili wakitaja herufi za maneno kwa mpangilio, kwa hiari yao, siku ya Jumamosi, na hakuitambua sauti hiyo.

Hapo ndipo lugha ilipojitokeza. Mtaala wa Uganda wa tangu 2007 unataka madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo, lakini Kampala, kwa mchanganyiko wake, shule nyingi hufundisha kwa Kiingereza, na orodha za maneno tulizokuwa nazo zilikuwa za Kiingereza. Samaki akashuka na neno "knife". Masikio ya mtoto yanasikia naifu. Wa kulia anabonyeza N, Kaloli hasogei, kwa sababu K imetangulia bila kutamkwa. Wakifika F wa kushoto anainua mikono, amemaliza, kumbe pana E inayomsubiri nayo haina sauti. Samaki chini. Wanagombana, kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mjinga, na wote wawili walikuwa wamesikia vizuri kabisa.

Darasa lenyewe lilikuwa na Waganda wengi, na lilikuwa na watoto wa Kikongo, maana Katwe na Nsambya ziko karibu na huko ndiko familia nyingi za wakimbizi kutoka mashariki ya Congo zimepanga vyumba. Waganda walikuwa na Luganda, Wakongo walikuwa na Kiswahili cha kwao, na Kiingereza kilikuwa kigeni kwa wote, kwa viwango tofauti. Bahati nzuri orodha za Tux Typing ni faili la maandishi ya kawaida. Mstari wa kwanza jina la orodha, kisha neno moja kila mstari. Jioni moja Wandegeya, nikisubiri mteja aliyechelewa, nikaandika orodha mbili, moja ya Luganda na moja ya Kiswahili.

Lugha hizi mbili zinaandikwa kama zinavyosikika, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Sasa tazama irabu zinakaa wapi kwenye kibodi: A na E ziko kushoto, na I, O na U ziko kulia. Kila silabi ni mazungumzo ya kuvuka au kutovuka mpaka. Kitabu kinaanza kulia, kinahamia kushoto, kinarudi kulia kwa U ya mwisho. Watoto waliacha kuitana kwa herufi wakaanza kuitana kwa vipande: "Ki! Tab! U!" Katika Luganda jambo hili lina raha zaidi. Kiambishi cha umoja, omu-, chote ni cha mkono wa kulia. Kiambishi cha wingi, aba-, chote ni cha kushoto. Omuntu, mtu mmoja, anaanza kwa mtoto wa kulia. Abantu, watu, wanaanza kwa wa kushoto. Msichana mmoja wa darasa la tatu aliligundua hilo kabla yangu akanitangazia, kwa Luganda yenye dharau kidogo, kwamba watu wote ni wake na mwenzake ana mmojammoja tu. Sijawahi kusikia somo la ngeli likielezwa vizuri hivyo, nami natoka kwa Wahaya, ambao tuna omuntu na abantu vilevile.

Wakaanza kuwinda maneno ya upande mmoja. Barabara ni ya kushoto tupu, herufi nane, na mtoto wa kulia anakaa amekunja mikono. Baba, dada, saba na baraza ni hivyohivyo. Kulia kuna pilipili, kilimo, nyuki, jiko, moyo. Mkono wenyewe, neno lote, ni wa kulia. Omulimu, kazi kwa Luganda, ni wa kulia mwanzo hadi mwisho, na wa kushoto walishangilia walipotambua hawana kazi. Kwa jumla, lakini, wa kushoto ndio walioumia, kwa sababu ileile iliyoniumiza mimi: A haiishi. "Madamu, yeye anakaa tu, mimi ndo nafinya zote!" alilalamika mvulana wa Kikongo, na alikuwa anasema kweli. Tukaweka sheria ya kubadilishana viti kila mchezo ukiisha. Hapo kukawa na faida ambayo hata Mavis angeikubali, kwamba kila mtoto alipata kuzijua nusu zote mbili, moja baada ya nyingine.

Mavis angekataa mengi mengine. Mtoto wa nusu ya kushoto alitumia mikono yake yote miwili huko kushoto, vidole vya shahada viwili vikidona kama kuku. Hakuna aliyejifunza vidole kumi. Mwalimu mkuu aliniuliza, kwa adabu, watachapa maneno mangapi kwa dakika siku ya wazazi, kwa kuwa shule jirani ilikuwa imetangaza idadi yake. Mashindano ya mwendo yamo ndani ya kazi hii tangu mwanzo. Julai 25, 1888, mjini Cincinnati, karani wa mahakama aitwaye Frank McGurrin alimshinda Louis Traub mbele ya umati kwa sababu alikuwa amekariri vitufe na hakuangalia mikono. Dunia ikafuata njia yake. Nami nilikula kwa njia hiyo, siwezi kuitukana. Lakini McGurrin alikuwa mtu mzima mwenye mikono mizima na tahajia nzima. Wasichana niliosoma nao uhazili walianza kujifunza wakiwa na miaka kumi na minane au ishirini, na walipata mwendo wa kuajiriwa kwa muda mfupi tu wa bidii. Mwendo unasubiri. Tahajia ya mtoto wa miaka saba haisubiri, kwa sababu ndiyo hiyohiyo anayosomea kila kitu kingine.

Siku ya wazazi tuliwaweka watoto wawiliwawili wakamlishe Kaloli kwa Luganda. Wazazi walisogea, wakaanza kuwatajia silabi kutoka nyuma, na akina mama ambao hawakuwa wamewahi kugusa kompyuta waliona wanajua jambo ambalo mashine inauliza. Mwalimu mkuu hakuuliza tena habari ya dakika.

Sikuwa peke yangu katika kuamini michezo. Upande wa Mukono, shirika la Maendeleo Foundation lilikuwa likizunguka shule za vijijini na gari lenye paneli za jua, hema na kompyuta ndogo, na michezo ilikuwa mlango wa kuwaingizia watoto. Siku hizi naulizwa kama kuna haja ya haya yote, wakati mtoto wa Kampala anachapa kwa vidole gumba viwili kwenye simu ya mama yake. Shule zilipofungwa Machi 2020 zisifunguliwe kikamilifu mpaka Januari 2022, simu ndiyo iliyokuwa darasa kwa waliokuwa na bando. Na simu inakumalizia neno. Humuhitaji mwenzio wa kukwambia "yako". Simu ni ya mtu mmoja kuliko hata ile kompyuta ya kijani ya Kigali. Tangu Baraza la Mawaziri liamue, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, nimeulizwa mara kadhaa na walimu kuhusu vitabu na kanda za sauti. Kuhusu faili la maneno sijaulizwa, na ndilo rahisi kuliko vyote: ukijua kuchapa, unalimaliza jioni moja.

Orodha zangu zilikoma kuwa zangu mapema. Watoto walianza kuleta maneno yao kwenye vikaratasi, na kazi yangu ikawa kuyaingiza Ijumaa. Majina ya vyakula, majina ya vituo vya teksi, majina ya mbwa. Wachezaji wa Arsenal na Manchester walileta ugomvi mpaka nikawapiga marufuku wote. Ng'ombe alileta shida ya aina yake, kwa kuwa ile alama ya ng' iko pembeni kabisa kulia, na Waganda walitaka ŋ yao ambayo kibodi ya Uingereza haina.

Kisha ikaja Agosti 12, 2012. Stephen Kiprotich akashinda marathoni ya Olimpiki London, dhahabu ya kwanza ya Uganda tangu John Akii-Bua alipoipata Munich mwaka 1972. Jumamosi iliyofuata vikaratasi vyote vilikuwa na jina moja. Nikaliingiza. Kabla ya saa nne wa kushoto walikuwa wameshahesabu: Kiprotich ana herufi tisa, sita za kulia, na wao wameachiwa R, T na C. Wakagoma. Dhahabu ni ya nchi nzima, wakasema, haiwezekani wengine wapate sita na wengine tatu. Wa kulia wakajibu kwamba si wao waliompa mtu jina. Mazungumzo yalichukua muda kuliko mchezo, kwa Luganda na Kiswahili na Kiingereza kidogo, mpaka mvulana yule wa kulalamika akatoa pendekezo ambalo pande zote zilikubali: Kiprotich abaki, ila kwenye orodha hiyohiyo niandike barabara mara mbili, kwa kuwa hata yeye hakukimbilia hewani.